Utenzi wa Mlamba-Taka

Naanza bila dibaji,
Sina sifa za vijiji,
Nina kiu, wala maji
Siyo ninayoyataka.

Mimi ni fundi mageti,
Naunga chuma na bati,
Kibanda kisicho hati
Nkuhungu nimeweka.

Nina mikono migumu,
Sura kama ya hakimu
Na hasira ya mwalimu;
Watoto hutawanyika.

Ila mfukoni mwangu,
Chini ya risiti zangu,
Kuna siri, ndugu yangu,
Ya fedha inayowaka.

Chokoleti! Nimesema.
Wengine hupenda nyama,
Wengine bao na ngoma,
Mimi hapo nimefika.

Ilianza Uzunguni,
Geti jipya la nyumbani;
Chenji haikuwa ndani,
Tajiri hakuumbuka:

"Pokea hiki kipande."
Nikauma. Punde punde
Nikasahau na kande
Mke wangu alopika.

Na fedha ya elektrodi
Nikaila, sina budi;
Mteja akija: "Rudi
Jumatatu, ukitaka."

Hununua kwa kificho,
Duka la mbali na macho;
Nikikutana na jicho
Nasema, "Sabuni, kaka."

Taabu ni jua letu,
Oktoba halina utu,
Huchoma hata viatu,
Sembuse cha kuyeyuka.

Nikificha kwenye zana,
Ifikapo tu mchana
Koleo zimegandana
Na nyundo imelambika.

Nikaweka mtungini,
Kwenye maji, mle chini;
Kesho wakanywa wageni
Kakao bila kutaka.

Nikaenda kwa Chedego,
Mwenye friji la mafigo;
Akanipa kona ndogo,
Kwenye kwato nikaweka.

Nikaitoa majuzi,
Inanuka kama mbuzi.
Nikala. Sina ajizi,
Hadi kucha nikafika.

Chedego alishauri:
"Zabibu ni tamu, nzuri,
Ubuyu nao ni heri."
Nikala. Bado nasaka.

Binti yangu, naye Nyemo,
Shuleni ana misemo,
Kizungu kichwani kimo,
Akaja akatamka:

"Baba, u chokoholiki!"
Nikadhani ni hiliki.
La, gonjwa lisotibiki!
Moyo ukanidondoka.

Sechelela akaguna:
"Kigogo halina jina,
Kiswahilini hapana,
Tumwite Mlamba-taka."

Mnywa pombe ni mlevi,
Mla vya watu ni mwivi,
Mimi nife bure hivi,
Bila neno la kuzika?

Alfajiri, zahanati.
Foleni haina kiti,
Kadi yangu kwenye shati
Na mche umefichika.

Mwaja, nesi wa Chamwino,
Mwenye mwanya kwenye meno,
Akanishika mkono:
"Sema lililokufika."

Nikasema: "Nina shida,
Ni chokoholiki, dada,
Imenikaa kwa muda,
Sasa unatimu mwaka."

Hakucheka. Kainama,
Droo yake akazama,
Chini ya vipima-homa
Fedha nayo ikawaka.

Maganda kumi na nane!
Akasema: "Tujuane,
Dawa yake tugawane
Kabla haijamwagika."

Mche wangu nikatoa,
Joto limeshautwaa,
Kama uji wa kulea;
Vidole vikatumika.

Foleni nje ikanuna,
Ndani tunatazamana,
Midomo imefanana,
Hakuna wa kumcheka.

Akaichukua kadi;
Penye ugonjwa, kusudi
Kalamu ikakaidi,
Hajui la kuandika.

Gumba lake likagusa,
Likaacha doa hasa,
Duara, kama la pesa,
Kahawia, likashika.

Ndilo jina, nimeona:
Halisomwi, linanona.
Sechelela akiguna,
Nalamba kadi, nacheka.